Mita Sitini Kuanzia Wapi? Hatari za Kimazingira na Kijamii katika Miradi ya Afya Kandokando ya Ziwa

Mada iliyotolewa na mratibu wa miradi wa dayosisi katika warsha ya makatibu wa miradi, waganga wafawidhi na wajumbe wa kamati za afya, Mwanza

  Naona ndugu zetu wa visiwani bado wana makoti yaliyolowa.

Mada niliyopewa imeandikwa kwenye ratiba kwa maneno marefu: Usimamizi wa Hatari za Kimazingira na Kijamii katika Miradi ya Afya ya Jamii. Siku hizi mchanganuo wa mradi haupiti kwa wahisani bila ukurasa wenye kichwa hicho. Najua wengi wetu tunaujazaje, maana hata mimi nimewahi kuujaza hivyo. Tunachukua mchanganuo wa mwaka jana, tunabadilisha jina la kijiji, na tunaiacha palepale ile sentensi inayosema kwamba mradi hautakuwa na madhara yoyote kwa mazingira wala kwa jamii. Kisha tunatia saini.

Kwa hiyo leo naomba nianze na shimo.

Mwaka 2006 nilikuwa kijana, nimetoka chuo si muda mrefu, na nilikuwa msaidizi katika mradi wa kujenga zahanati kwenye kijiji kimoja cha kisiwani. Sitakitaja jina, wala sitataja waliotufadhili. Wanaohusika wengine wako hai, na kosa lilikuwa la kwetu sote. Tulijenga vyumba vinne, nyumba ya muuguzi, choo, shimo la kondo la nyuma, na shimo la vitu vyenye ncha kali. Shimo hilo la mwisho tulilichimba upande wa chini wa kiwanja kwa sababu juu kulikuwa na mwamba na fundi alitaka pesa zaidi. Tulipima kwa futi kamba kutoka ukingo wa maji tukapata mita zaidi ya sabini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kuhatarisha mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za bahari, ziwa au mto. Tukaandika: sheria imezingatiwa.

Kulikuwa na mzee mmoja kwenye mkutano wa kijiji. Alisimama akasema kwamba alipokuwa kijana walikuwa wakifunga mitumbwi kwenye jiwe fulani, na akalionyesha kwa fimbo. Jiwe lilikuwa nyuma yetu, juu ya pale tulipotaka kuchimba. Wengine walicheka kidogo. Katika muhtasari wa kikao nikaandika maneno haya, ninayakumbuka: "Maoni mengine yalitolewa na kupokelewa."

Yule mzee alikuwa anasema jambo ambalo wataalamu wa maji wanalo kwenye vitabu vyao. Kati ya mwaka 1961 na 1964 Ziwa Victoria lilipanda kwa haraka sana, na alama ya Mei 1964 ikabaki kuwa ya juu kuliko zote kwa zaidi ya miaka hamsini. Na sisi tulipima mwaka gani? Mwaka 2006, ziwa lilipokuwa limeshuka kuliko wakati wowote katika miongo mingi. Mwaka ule meli zilipata taabu kutia nanga kwenye baadhi ya magati. Tulikwenda na futi kamba yetu wakati mwenyewe hayupo nyumbani, tukapima uwanja wake.

Mei 2020 ziwa lilirudi. Lilipita hata ile alama ya 1964, na mwaka 2024 likapanda tena likapita alama ya 2020. Tofauti ya kina kati ya 2006 na 2020 ni zaidi ya mita mbili. Ukisikia mita mbili unaweza kuona ni kitu kidogo, kama kimo cha mlango. Lakini hebu tufanye hesabu ya darasa la sita. Kama ardhi yenu inapanda mita moja kwa kila mita thelathini za kutembea, maji yakipanda mita mbili yanaingia ndani mita sitini. Yaani hifadhi yote ya kisheria imeliwa. Na kama kijiji chenu kiko kwenye tambarare, ardhi inayopanda mita moja kwa kila mita mia, basi maji yameingia ndani mita mia mbili. Wale wa Magu na wale wa upande wa Ghuba ya Speke wanajua ninachosema, maana waliona vyoo vyao na mialo yao vikifunikwa.

Kile kisiwani, maji yalifika kwenye shimo. Kuta za matofali zilikuwa hazijapigwa sementi chini, kwa hiyo zililegea, na vilivyokuwa ndani vikatoka. Mvulana wa miaka kumi aliyekuwa akitafuta chambo kwenye matete alikanyaga sindano. Muuguzi aliiosha ile jeraha, akamchoma sindano ya pepopunda, na mama yake akapanda naye boti ya mizigo kwenda hospitali. Kwa kuwa sindano ilikuwa ya zamani, daktari alimweleza mama kwamba uwezekano wa maambukizi ni mdogo. Hata hivyo mtoto alitakiwa kupimwa, na kurudi kupimwa tena, mpaka miezi sita ipite. Namshukuru Mungu majibu yote yalikuwa mazuri. Nilikwenda kumwona yule mama mwezi wa nne. Aliniuliza swali moja tu: "Hilo shimo ni la nani?"

Sikuwa na jibu. Mradi ulikuwa umefungwa miaka mingi nyuma, ripoti ya mwisho ilikuwa imeshapokelewa, na akaunti ilikuwa imefungwa. Kijiji kilisema ni la kanisa. Ofisi yetu ilisema zahanati ilishakabidhiwa. Nauli ya mama na mtoto ilitoka mifukoni mwa watu watatu, na pesa za kujenga shimo jipya zilichukua miezi tisa kupatikana.

Ndiyo maana sasa, katika ofisi yetu, hatupimi tena kutoka ukingo wa maji wa siku hiyo. Tunamwomba mwenyekiti wa kitongoji aite wazee watatu au wanne, wanaume kwa wanawake, watuonyeshe maji yalifika wapi miaka ya sitini, mwaka 2020 na mwaka 2024. Tunapiga mambo pale. Mita sitini zinaanzia kwenye mambo ya juu kabisa. Halafu fundi anachukua ule mpira wake wa maji anaousawazishia msingi, anatuambia shimo liko juu ya mambo kwa kiasi gani. Kazi hii inachukua asubuhi moja na soda za wazee. Mahali ambapo hakuna ardhi ya juu, hatuchimbi shimo kabisa. Masanduku ya usalama yakijaa yanafungwa na kupelekwa kwenye kituo kikubwa chenye kichomea taka kizuri, na gharama ya boti inaandikwa kwenye bajeti ya kila mwaka kama inavyoandikwa mishahara.

Nikae kidogo kwenye taka. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika taka zote za kituo cha afya, karibu asilimia 85 ni taka za kawaida kama zile za nyumbani, na asilimia 15 tu ndizo za hatari. Lakini ukichanganya ndoo moja na nyingine, zote zinakuwa za hatari. Kazi ya kutenganisha inafanyika pale kitandani mwa mgonjwa, na anayeifanya ni mhudumu anayelipwa kidogo kuliko wote, mara nyingi mama, mara nyingi bila glavu nene wala buti. Nikitembelea zahanati siku hizi, kabla ya kukagua vitabu huwa naomba kumwona huyo mama na kuangalia miguuni kwake.

Kuhusu vichomea taka: kile cha matofali tulichozoea hakifiki joto la kutosha kama kinawashwa kwa karatasi na kuni mbichi. Chini ya nyuzi joto 800 plastiki, hasa ile ya mifuko ya dripu, inatoa sumu zinazoitwa dayoksini. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Stockholm unaotaka sumu hizo zipunguzwe. Na jambo dogo ambalo sijaliona kwenye mwongozo wowote: mchana upepo wetu hutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku hugeuka. Kichomea taka kikiwekwa upande wa ziwani na kuwashwa saa nane mchana, moshi wote unaingia wodi ya wazazi. Nimeona kituo kilichoandika kwenye ripoti kwamba akina mama hawapendi kukaa wodini baada ya kujifungua, na kilikuwa kimeomba pesa za uhamasishaji.

Sasa niende kwenye kinga ya malaria, maana hapo ndipo nia njema yetu inapokutana na samaki.

Mwaka 2007 upuliziaji wa dawa ukoko ulianza wilayani Muleba kwa msaada wa Marekani, na baadaye ukaenea katika wilaya za Kagera, Mwanza na Mara. Baadhi yenu mlihamasisha makanisani, mkawaomba watu watoe vyombo nje. Dawa za mwanzo zilikuwa za jamii ya pairethroidi. Kwa binadamu, zikitumika vizuri, hazina shida kubwa. Kwa samaki na wadudu wa majini ni sumu kali. Kwa hiyo swali kubwa la kimazingira lilikuwa juu ya maji ya kuoshea mabomba, ndoo na ovaroli jioni, zaidi hata ya ukuta wenyewe. Mpulizaji aliyechoka, ziwa likiwa hatua mia mbili, ataoshea wapi? Ilibidi yachimbwe mashimo maalumu ya kunyonya maji, yenye tabaka za kokoto, mkaa na vumbi la mbao, na mabomba yasuuzwe kwa mapipa yaliyopangwa mstari ili maji ya suuzo la leo yatumike kuchanganyia dawa ya kesho. Ni utaratibu mzuri. Nauleta hapa kwa sababu ulibuniwa na watu waliokaa chini wakamfuata mpulizaji kwa mawazo tangu asubuhi mpaka anavua ovaroli.

Jambo la pili ni la usugu. Kufikia mwaka 2011 watafiti walikuta mbu wa Muleba hawafi tena ipasavyo kwa pairethroidi, na ikabidi dawa ibadilishwe. Dawa za jamii hiyohiyo ndizo zilizotumika kwenye vyandarua, na ndizo wakulima wa pamba wanapulizia mashambani huku Usukumani. Kila mmoja wetu alikuwa na mradi wake, na mbu walipata zote kwa pamoja.

Na vyandarua. Mnajua kilichotokea baada ya kampeni kubwa za ugawaji za miaka ya 2009 hadi 2011. Ukienda mwaloni uliviona vimetandazwa chini, vimeanikiwa dagaa. Vingine vilishonwa kuwa nyavu. Tatizo hili halikuwa letu peke yetu. Mwaka 2008 watafiti waliandika habari hiyohiyo kutoka vijiji vya wavuvi upande wa Kenya. Sisi tulijibu kwa mahubiri na mabango. Mimi mwenyewe nilisimama mwaloni nikaeleza kwamba chandarua chenye matundu madogo kinavua mpaka vifaranga vya samaki, na kwamba dawa iliyomo ni sumu kwa viumbe wa majini. Yote kweli. Mama mmoja aliyekuwa anageuza dagaa alinisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Baba, mume wangu yuko ziwani usiku kucha na karabai. Watoto wanalala chini, nyumba ni ya mabati na nyasi, sina pa kufungia kamba. Dagaa wa mchangani ananunuliwa bei ya kuku. Nikikitumia hapa, watoto wanakula."

Alinipa tathmini kamili ya athari za kijamii kwa dakika moja. Mpango ulihesabu chandarua kimoja kwa watu wawili wanaolala kitandani usiku. Mvuvi wa dagaa halali usiku, isipokuwa mwezi ukiwa mkubwa. Kambi ya dago haina vitanda. Hesabu ilikuwa sahihi kwa mji, haikuwa sahihi kwa mwalo. Tulipokuja kufanya kazi pamoja na vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, tukaanza na vichanja vya kuanikia na misumari ya kufungia vyandarua, ndipo vyandarua vipya vikaanza kurudi ndani. Si vyote. Sitawadanganya.

Ndugu zangu, hatari za kijamii ni ngumu zaidi kuziona kwa sababu hazina harufu. Nichukue mfano wa Morogoro, mwaka 2008. Wanafunzi wa shule za msingi walipewa dawa za kichocho na minyoo. Prazikwanteli ni dawa nzuri, inapimwa kwa kijiti cha urefu, na madhara yake yanafahamika: kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu, tumbo kuuma. Yanazidi mtoto akimeza bila kula. Watoto walimeza, baadhi wakaumwa, habari zikafika nyumbani kabla ya watoto. Wazazi walivamia shule, kukawa na vurugu, zoezi likakwama. Yalisemwa mengi: dawa ni mbovu, dawa ni za majaribio, dawa ni za kufunga uzazi.

Hapa kwetu kichocho ni cha kwetu. Ukerewe imekuwa ikitajwa miongoni mwa sehemu zenye maambukizi makubwa nchini. Mnaweza kufikiri kwamba watu wanaougua hivyo watapokea dawa kwa mikono miwili. Lakini jiulizeni mzazi wa Morogoro alikuwa ameelezwa nini. Mara nyingi taarifa inapita kwa mwalimu mkuu, mwalimu anawaambia watoto, mtoto anasahau njiani. Hakuna aliyemwambia mama kwamba mwanao atatapika leo, usiogope, mpe uji kwanza. Sentensi hiyo moja ingefika nyumbani jioni ya kuamkia ugawaji, sidhani kama watu wangekimbilia shuleni na fimbo. Ndiyo maana kwenye bajeti zetu za kichocho kuna mstari wa unga na sukari, na mhasibu wetu ameacha kuniuliza. Na tusisahau kwamba dawa inaua minyoo iliyomo mwilini, haimzuii mtu kuambukizwa tena akirudi majini. Ukigawa dawa mahali pasipo na vyoo wala kisima, lazima uwaeleze watu kwamba utarudi mwakani, la sivyo watasema ya mwaka jana ilikuwa feki.

Nitapita haraka kwenye mawili yaliyobaki, kwa sababu chai imeshafika, naisikia.

La kwanza ni ardhi. Kijiji kikisema kimetoa kiwanja bure, ulizeni nani alikuwa anakitumia. Tumewahi kupewa "eneo la wazi" likawa ni ngitili ya familia tatu, ambapo mjane mmoja alikuwa anachunga mbuzi wake wa mwisho. Muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji haujataja mjane. Nendeni mkakanyage kiwanja pamoja na majirani wake, pande zote nne.

La pili ni mafundi na vibarua. Desemba 2015 Benki ya Dunia ilifuta mradi wa barabara nchini Uganda baada ya kuthibitika kwamba wafanyakazi wa ujenzi huko Kamwenge waliwanyanyasa kingono wasichana, wengine wanafunzi. Tangu hapo maswali yamekuwa makali, na benki hiyo ilipoanza kutumia viwango vyake vipya kumi vya mazingira na jamii mwezi Oktoba 2018, suala la wageni wa ujenzi limo. Sisi hatukopi kwao, lakini wahisani wetu wanauliza maswali yaleyale. Mnaweza kusema zahanati si barabara kuu. Mafundi sita wakilala kijijini miezi mitano, wana pesa za Jumamosi, na shule iko jirani. Anayetakiwa kujua ni nani wa kumwambia ni yule binti, na asiwe amelazimika kumwambia msimamizi wa ujenzi. Sanduku la maoni lenye kufuli halimsaidii. Tumechagua mama mmoja kila kijiji, jina na namba yake vinatangazwa kanisani na msikitini, na mafundi wanatia saini kanuni kabla ya kupokea pesa ya kwanza.

Kuhusu vyeti na vibali, Kanuni za Tathmini ya Athari kwa Mazingira za mwaka 2005, zilizorekebishwa 2018, zinapanga miradi kwa makundi. Zahanati ndogo huenda isidaiwe tathmini kamili kama ya hospitali. Muoneni afisa mazingira wa halmashauri mapema, kabla ya kumwaga msingi, na mpate jibu kwa maandishi. Fomu mtazipata kwa katibu.

Ninachowaomba kwa leo ni kazi moja. Baada ya chai tutagawanyika makundi manne. Kila kundi lichukue mradi mmoja ambao ulishafungwa, si unaoendelea, na lijibu swali la yule mama: hilo shimo ni la nani? Andikeni jina la mtu, na pesa zitatoka wapi. Saa nane kuna gari mbili zitatupeleka kwenye zahanati moja kandokando ya ziwa, tukapige mambo pamoja na wazee wa pale. Tafadhali wenye ndala wabadilishe, tutaingia kwenye matete.